Kusafisha sumu wanasema ni shamba la mtu, kumwaga murram ghafla ni mradi wa kaunti

Wadau, nimetoka kwenye kikao cha bajeti sasa hivi na damu bado inachemka, kwa hivyo nikikosea tahajia mnivumilie.

Niko Nakuru. Mtaa siutaji, maana wenye ploti wameshatuonya kwamba tukiendelea "kuharibia mtaa jina" wapangaji watahama. Nyuma ya nyumba zetu kuna kiwanja cha kiwanda cha ngozi kilichofungwa zamani. Mwenyewe alipopotea, watu wa vyuma chakavu walibeba mashine, mabati yakafuata, hadi fremu za milango. Kilichobaki ni kile kisicho na mnunuzi: mashimo ya saruji ya kulowekea ngozi na tope la kijani lililofifia. Mvua ikinyesha, tope linalainika na kuteremka kwenye mtaro ambao watoto wetu huuruka wakienda shule. Wa kwangu mdogo bado hajajua kuruka vizuri.

Kwa asiyejua kazi ya ngozi: ngozi mbichi hulowekwa kwenye chokaa na sulfidi mpaka manyoya yatoke, halafu hutiwa chumvi za kromiamu ili isioze. Kromiamu haiingii yote kwenye ngozi. Nyingine hutoka na maji machafu na kutulia kwenye tope. Ile ya kawaida haina ukali sana. Lakini mabaki ya ngozi yakichomwa, inaweza kugeuka ile aina nyingine, inayoyeyuka kwenye maji na kuleta saratani. Na vijana wetu huota moto wa vipande vya ngozi palepale, kila Julai. Iliyoko pale ni ipi? Hakuna aliyepima! Miaka yote hiyo hakuna ofisi iliyotuma hata mtu mmoja na kijiko na chupa.

Tulienda kaunti. Tukaambiwa ardhi ni ya mtu binafsi, pesa za umma haziwezi kuingia humo. Tukaenda kwa watu wa mazingira. Tukaambiwa mchafuzi ndiye hulipa. Sawa, kanuni nzuri hiyo. Lakini kampuni haipo! Huyo mchafuzi tumfufue? Afisa akacheka, akatushauri tuandike barua tutafute mfadhili. Yaani tope la kiwanda kilichouza mali na kufunga virago, sisi tulifanyie harambee.

Basi nikakaa nikasoma sheria. Ile ya mazingira ya 1999, kifungu cha 25, ina Mfuko wa Kitaifa wa Kurejesha Mazingira. Kazi yake ni kuingia pale mchafuzi asipojulikana, au hali isiyo ya kawaida inapoilazimu Nema, mamlaka ya taifa ya mazingira, kuchukua hatua. Ukienda kifungu cha 28 utakuta wenye viwanda vinavyoweza kudhuru wanaweza kutakiwa kuweka amana. Waliotunga sheria walijua kabisa kwamba siku moja mtu atafunga geti na kutoweka, wakataka pesa ishikwe bomba likiwa bado linatoa moshi. Nimeuliza ofisi tatu ombi la mfuko huo hupelekwa dirisha gani. Ya tatu ikaniuliza kama sichanganyi na mfuko wa vijana.

Sasa sikilizeni ya leo. Kwenye kabrasha la bajeti, wadi yetu, kuna mradi: kusawazisha kiwanja, kumwaga murram, kuweka uzio, soko la muda la mitumba. Kiwanja gani? Kilekile! Kile kilichokuwa cha mtu binafsi tulipoomba kupimiwa udongo. Nikasimama nikauliza shilingi ngapi zimetengewa vipimo. Kimya. Nikauliza tena, nikaambiwa "mama, hilo ni la kitaalamu," na kipaza sauti kikapelekwa kwa mzee aliyetaka taa za barabarani.

Najua kuna mmoja atakuja hapa kusema kwa nini mlipa ushuru alipie uchafu wa tajiri. Hata mimi linaniudhi. Marekani walilijibu 1980: wakatoza kampuni za mafuta na kemikali, pesa zikaingia kwenye mfuko wa kusafisha maeneo yaliyotelekezwa. Tozo hizo zilikoma 1995, mzigo ukamwangukia mwananchi, baadaye zikarudishwa: ya kemikali kwa sheria ya 2021, ya mafuta kwa sheria ya 2022. Kwa hivyo watoze viwanda vinavyofanya kazi leo, sina ubishi. Lakini tope haliwezi kungoja mjadala uishe.

Na tukingoja? Angalieni Owino Uhuru kule Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilichofungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na udongo usiposafishwa, zitolewe milioni 700 za kuusafisha. Rufaa ikaivuruga, na Mahakama ya Juu ikairudisha fidia Desemba 2024. Miaka kumi, na watoto walikuwa wanakula madini ya risasi, ile sumu ya betri, wakati huo wote.

Sisi tuna jambo moja zaidi. Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Mtaro wetu unashuka huko, na kinachoingia kinabaki, jua linachukua maji tu. Halafu tunaimbiwa kwamba sisi ni jiji tangu 2021, picha za heroe kila ubao.

Makadirio yanapaswa kufika bunge la kaunti kabla ya Aprili kuisha, kwa hivyo siku zipo, lakini chache. Nataka kwa maandishi kwamba hakuna lori la murram litakaloingia pale kabla ya udongo kupimwa. Kama kuna mtu hapa, awe wa Kisumu, Webuye, Eldoret, popote, aliyewahi kupata hata shilingi moja kutoka ule mfuko wa kifungu cha 25, aniambie alipitia kwa nani. Jumatatu narudi kwa yule afisa. Nimejaza tope kwenye chupa ya jemu, nimeifunga ndani ya karatasi mbili za nailoni, nitaiweka juu ya meza yake nimwombe aifungue yeye.