Maya na dunia ya kompyuta: kweli ni kitu kimoja?

Wakuu, kila ikizuka habari kwamba huenda tunaishi ndani ya kompyuta, hakosi mtu wa kusema, "Wahindu waliyasema zamani, wakayaita maya," yaani dunia tuionayo ni kiinimacho. Mimi nakataa, na niko tayari kubishiwa.

Mwanafalsafa Nick Bostrom, akiwa Oxford mwaka 2003, hakusema tumo ndani ya kompyuta. Alisema katika matatu, angalau moja lazima liwe kweli: ama jamii kama yetu huangamia kabla ya kuweza kuunda dunia za namna hiyo, ama zikiweza haziundi, ama sisi wenyewe karibu hakika tumeundwa hivyo. Watu wamebeba la tatu, mawili wameyaacha njiani.

Shankara, mwalimu wa Advaita (falsafa ya Kihindu isemayo uhalisi ni mmoja tu), karne ya 8 hivi, anaieleza dunia tuionayo kwa mfano wa kamba inayodhaniwa nyoka gizani. Juzi umeme ulikatika, nikatoka uani, nikakanyaga mpira wa maji. Niliruka! Moyo ulidunda kweli, jasho lilitoka kweli. Kumulika na simu, nyoka hayupo, wala hakukimbia, kwa sababu hakuwahi kuwapo. Hakuna aliyenitengenezea nyoka yule. Kutojua kwangu ndiko kulikomzaa. Kwa Bostrom kuna fundi na mashine yake huko nje, na hata ukijua leo, kesho unaamka humohumo, kodi ya nyumba inakusubiri. Kwa Shankara ukijua, yamekwisha, na kinachobaki ni Brahman, yaani huo uhalisi mmoja, ambaye ndiye wewe.

Halafu hao "Wahindu" ni wepi? Ramanuja, mwanafalsafa mwingine wa Kihindu, karne ya 11 hadi ya 12, alisema dunia ni halisi, ni mwili wa Mungu, akawabana watu wa Advaita: huo ujinga, yaani kutojua kunakozaa dunia kama nyoka wangu, unakaa kwa nani? Kama yupo Brahman peke yake, naye ni ujuzi mtupu, ujinga umepata wapi pa kukaa? Mimi sijaona jibu la kuniridhisha. Bostrom swali hilo halimsumbui, yeye ana mashine.

Najua mtaniletea andiko takatifu la Kihindu, Shvetashvatara Upanishad 4:10, panaposemwa Mungu Mkuu ndiye mwenye maya. Fundi huyo hapo! Hoja nzito, nakiri. Ila kwa Shankara hata Bwana huyo, akitazamwa kama mwingine mbali na wewe, anaonekana hivyo kabla taa haijawashwa. Fundi wa kompyuta anabaki fundi hata ukizima mashine. Mnaosema ni kitu kimoja, hapo mnapitaje?