Demo kwa mteja kampuni: tupeane uzoefu, watu wa Lushi (Lubumbashi) na Likasi mko wapi?

Mwana Katuba: Jambo yenu wote. Leo nimeona kijana kwenye barabara ya Kasenga anapakia pampu kwenda kumuonyesha mteja, nikakumbuka mengi. Tangu sheria ya 2017 inayotaka kazi ambazo kampuni kubwa, migodi ikiwemo, zinawapa wengine kwa mkataba ziende kwa kampuni za Wakongomani, kila mtu ana proforma, karatasi ya bei, mkononi. Mteja zinamjaa mezani. Anayeitwa tena ni yule aliyemuonyesha mashine ikifanya kazi. Demo gani iliwauzia, gani iliua biashara?

Fundi wa Ruashi: Kaka, umenigusa kidonda. Patroni wetu wa zamani alikuwa anauza pampu za kuweka juu ya ardhi. Demo tulifanyia uani: pipa la maji hapo hapo miguuni, hosi, tukawasha! Maji yakaruka ukuta, mteja akapiga makofi, akasema kesho mlete mgodini. Nikamwambia patroni tupime kina kwanza. Akajibu mteja ameshawaka, twende.

Kufika kule, ng'ambo ya Likasi, maji yako mita tisa chini ya mahali pa kuweka pampu. Tukawasha. Inalia tu, hakuna tone. Mzee mmoja fundi wao akapiga magoti, akaweka kiganja kwenye hosi. Ilikuwa imejibana, imelala bapa. Akasema polepole: "Mwanangu, inavuta, lakini maji hayafiki." Huku kwetu tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na hewa ndiyo inayosukuma maji yapande kwenye hosi. Hata pampu nzuri namna gani, kwa kuvuta haipiti mita 7 hivi. Mteja akamgeukia patroni: "Mulinionyesha pipa. Mimi sina pipa, niko na shimo." Akaingia kwenye gari. Patroni alinikasirikia mimi njia nzima!

Mama Proforma: Kweli kabisa. Yangu ilikuwa jenereta, lakini ni kilio hicho hicho.

Kasumbalesa Direct: Hapo demo haina kosa, ni uchaguzi. Mngepeleka pampu ya kuzama, ile inayokaa ndani ya maji.

Fundi wa Ruashi: Papa, soma vizuri. Njo nilichokuwa nasema, tupime kwanza.

Kasumbalesa Direct: Sawa, usikasirike. Ongeza hii: someni kibao cha mota. Ya umeme wa hezi 60 ukiichomeka kwenye hezi 50 zetu inapunguza mzunguko kwa sehemu moja ya sita, na nguvu ya kupandisha maji inabaki karibu asilimia 70. Katalogi haitakuambia.

Yaya wa Kenya (mtaa wa Lushi, si nchi): Mnabishana mota, kwangu tatizo ni watu. Nauza programu ya stoo. Magazinieri, mtunza stoo, alifurahi, vijana wake walifurahi, mwenye kusaini hakuwepo. Alipofika aliuliza swali moja: ripoti inatenganisha dola na franga? Hakuna aliyekuwa ameniambia. Siku hizi nauliza kwanza nani anasaini, na naomba fakturi (ankara) zao wenyewe za kuingiza kwenye demo.

Kijana wa Kamalondo: Nyinyi mnalia demo ya saa moja? Mimi niliwaachia kompresa "wajaribu kidogo". Ilifanya kazi msimu mzima wa mvua! Nilipokwenda kuichukua, mlinzi ananiambia hakuna kitu kinachotoka getini bila karatasi, na karatasi ya kuingia haipo, basi ni mali ya hapa.

Mama Proforma: Mungu wangu! Ulipataje?

Mwana Katuba: Endelea, tunangoja.

Kijana wa Kamalondo: Nilirudi na karatasi za forodha za mpakani Kasumbalesa. Namba iliyoandikwa mle ikalingana na namba ya kwenye kibao, ile iliyogongwa kwenye chuma. Nikaisugua vumbi kwa kidole mbele ya mkubwa wa usalama, akasoma mwenyewe. Walifungua geti. Mafuta na filta hawakulipa mpaka leo.

Kasumbalesa Direct: Usiache mashine kamwe. Demo, unapakia, unarudi nayo.

Yaya wa Kenya: Kwa mgodi usipoacha hauuzi, Papa. Fundi wao anataka kuiona ikichoka. Acha, lakini andika: namba ya mashine, siku ya kurudisha, nani analipa mazuti (dizeli), nani analipa ikivunjika.

Fundi wa Ruashi: Na mtu wako akae nayo siku za kwanza.

Mama Proforma: Nani ana mfano wa hiyo karatasi? Nina demo Kipushi wiki ijayo.

Yaya wa Kenya: Ninao, wa Kifaransa. Nitauweka hapa jioni umeme ukirudi.