Maiki ya babu, ya chembe za makaa, imekuwa bubu. Nisaidieni jamani

MwanaWete:
Asalaam aleikum, wakubwa kwa wadogo. Masika haya hapa Wete hata chumvi ya mkebeni imegeuka maji, kwa hivyo huenda nusu ya jawabu ninayo tayari.

Nina maiki aliyoniachia marehemu babu. Alikuwa mpiga fidla, na harusini yeye ndiye aliyekuwa akishika vyombo vya sauti, enzi hizo shughuli nzima maiki moja. Ni ya duara, ukubwa wake kama kisahani cha kikombe cha chai, imening'inizwa kwa springi nane katikati ya pete ya chuma. Mbele ina matundu, nyuma ina skrubu tatu za kufungia waya. Jina la kiwanda limefutika. Ukiiweka sikioni ukaigeuza taratibu unasikia kitu kama mchanga unateleza. Mzee mmoja mtaani kaniambia hizo ni chembe za makaa.

Nia yangu ni kumrikodi shangazi, ana miaka 78 na taarab za zamani anazo kichwani beti kwa beti. Nataka aimbie maiki ya baba yake.

Nilichokwishafanya, na mnicheke kwa adabu. Kwanza niliichomeka kwenye spika ya karaoke: kimya. Halafu nikasoma pahala kwamba inataka umeme wake, nikaifunga na betri ya 9V moja kwa moja, waya mbili tu, kupitia transfoma niliyoing'oa kwenye redio mbovu. Ikalia! Sauti ya shangazi ilitoka kama yumo kisimani, na pembeni kuna mtu anakaanga dagaa. Alipofika ubeti wa pili ikafifia. Nikaitikisa, nikaigonga, betri ikiwa bado imefungwa. Tangu hapo bubu, wiki ya pili sasa.

Nimeiua? Niifungue nione ndani?

KasukuWaMjini:
Wa aleikum salaam. Itie kwenye mchele siku tatu, kama simu iliyoanguka majini. Mie simu yangu ilipona.

FundiMkunazini:
Mchele uache jikoni. Mchele una vumbi la unga, na maiki ile ina matundu. Unga ukichanganyika na makaa hapo ndipo utakapoiua kweli.

MwanaWete, pole, na hujaiua. Skrubu tatu zimenieleza mengi. Hiyo ina vikombe viwili vya kaboni, yaani vya hizo chembe za makaa, kimoja mbele ya kiwambo (bati linalotikiswa na sauti) na kimoja nyuma yake, na skrubu ya tatu ni ya kiwambo chenyewe. Za namna hiyo zilitamba miaka ya 1920 na mwanzoni mwa 1930, redioni na kwenye mikutano ya hadhara.

Maiki nyingi za jukwaani siku hizi zinatengeneza umeme wake kidogo kwa sumaku. Hii haitengenezi kitu, inaubana tu umeme uliopewa na kuuachia. Mtu akiimba, kiwambo kinazishindilia chembe, zikigusana vizuri umeme unapita kwa wepesi. Kiwambo kikirudi, chembe zinalegea, umeme unapungua. Kule kupanda na kushuka ndiyo sauti. Kwenye karaoke ilinyamaza kwa sababu hukuipa cha kubana.

Kosa lako ni betri. Kikombe kimoja kina ukinzani, yaani kule kuuzuia umeme, wa omu 100 hivi. Gawa 9 kwa 100 utapata miliampea 90, punguza kidogo kwa ajili ya waya wa transfoma. Yenyewe inataka kama 10 hadi 20 kila kikombe. Ule ukaangaji wa dagaa ni chembe zinapigana cheche. Halafu ukaitikisa umeme ukiwa ndani, zikagandana. Ndio ububu wenyewe.

Dawa: toa betri, toa waya zote. Ishike wima kama inavyokaa kwenye pete, izungushe polepole kama usukani, huku unaigonga ukingoni kwa ncha ya kidole. Ukingoni, si kwenye kiwambo. Kiwambo ni bati jembamba lililowambwa kama ngozi ya kidumbaki, likilegea halirudi. Na usiipulize. Naona watu hata leo wakishika maiki wanaipuliza "fuu fuu, moja mbili". Kwa hii pumzi yako ni maji.

Kisha tafuta mita ya kupimia omu, pima kati ya skrubu ya kiwambo na kila moja ya zile nyingine, uniletee namba. Kuifungua, sahau.

Sautisho:
Swali la haraka. Simu za mezani zilikuwa na kaboni na zikitumia kama 48V. Mixa yangu ina kitufe cha 48V. Si anaweza kubonyeza tu?

FundiMkunazini:
Namba zimefanana, kazi mbalimbali. Ya mixa inakwenda sawasawa kwenye waya zote mbili za sauti, kwa hivyo kati yake hakuna tofauti, na maiki ikikaa katikati haioni umeme wowote. Ya simu ilikuwa inazunguka kutoka kituoni, inapita kwenye kaboni na kurudi, tena kwa waya mrefu unaoipunguza nguvu njiani. Asibonyeze.

KasukuWaMjini:
Kumbe ni makaa tu? Basi zikiisha tunazijaza pale Forodhani kwa wachoma mishkaki, bei ya jioni.

FundiMkunazini:
😂 Hayafai. Makaa ya miti ni laini, yanasagika yakawa vumbi, na vumbi ndilo linaloshikana. Edison na Berliner walianza na mambo haya mwaka 1877, mwaka uliofuata padri mmoja Mwingereza, Hunnings, akaja na wazo la kutumia chembe badala ya kipande kimoja. Baadaye Edison akatumia makaa ya mawe, yale magumu yanayong'aa, yakakaangwa kwanza. Kwa hivyo ni mkaango, lakini si wa mishkaki.

BintiMalindi:
Mie nitasema lile ambalo hakuna anayelitaka. Kitu cha miaka tisini na zaidi, cha marehemu, unakitia umeme ili upate sauti mbovu kuliko ya simu yako? Kiweke kwenye kabati la kioo, mrikodi shangazi kwa simu, chumba kimefungwa, feni imezimwa. Kisha usije ukaambiwa hiyo ndiyo maiki ya Siti binti Saad ukaiuza kwa watalii. Nimeshawaona wawili pale mjini kila mmoja ana "maiki ya Siti". Siti alikwenda kurikodi Bombay mwaka 1928, maiki zikabaki huko huko.

MwanaWete:
Dada yangu, siiuzi, Wallahi. Na simu nitaiweka pia, maana shangazi hatorudia mara kumi. Lakini yeye mwenyewe alipoiona mkononi mwangu alisema, "Hiyo ilikuwa haiguswi na mtoto." Anaitaka.

ChakeTelefoni:
Mie nilikuwa fundi wa simu, sasa mstaafu. Kijana, kabla hujaichezea ya babu yako, tafuta simu nyeusi ya zamani, ile ya kuzungusha namba. Fungua kofia ya kusemea, inazunguka kwa mkono tu, ndani utakuta kidonge cha bati. Hicho nacho ni kaboni. Kikiharibika huna hasara. Jifunzie hapo kuwasha na kuzima, usikie inavyonguruma, ndipo uende kwenye ile ya babu.

Tulikuwa tukipigiwa malalamiko kila masika: "Nasikia, sisikiki." Unafika nyumbani kwa mtu, unachukua mkono wa simu, unaupiga kiganjani mara mbili, unampa anaongea. Anakuona mganga. Anakupa na chai. Hatukumwambia mtu siri.

Kuhusu unyevu, kaukisha bila moto. Si juani, si juu ya jiko, si ndani ya friji. Chukua mkebe wa biskuti wenye kifuniko kinachobana, tia vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na mikoba, hata kumi, funika wiki nzima. Huo mkebe ndio uwe nyumba yake daima. Na usiuweke kabati la nguo linalofukizwa udi, moshi ule una mafuta, wala dirisha la upande wa bahari. Chumvi ya upepo wa kusi ndiyo iliyokula pete yako, nna hakika ina kutu.

MwanaWete:
Ina kutu, babu, tena upande mmoja tu. Kabati lenyewe lilikuwa dirishani. Shikamoo, na ahsante.

ChakeTelefoni:
Marahaba. Pete isugue kwa kitambaa na mafuta kidogo sana, lakini itoe maiki kwanza. Usipulizie dawa ya kutu ya kopo, inaruka hadi ndani.

MwanaWete (siku tisa baadaye):
Wakubwa, ripoti. Mkebe nilipata, vifuko nilikusanya kumi na nne kwa madada wenye maduka ya viatu, wakaniona nimechanganyikiwa.

Nilipopima mwanzo: kikombe cha mbele omu 130, ukiiinamisha namba inacheza. Cha nyuma omu 4, imekwama pale pale hata niigeuze vipi. Nikafanya kama alivyosema Fundi, kuzungusha na kugonga kwa kidole, asubuhi na jioni. Siku ya nne nikasikia "tsss" ndogo, kama mchele unaomwagika kwenye kisahani. Nikapima: 95, na inacheza! Niliruka peke yangu ukumbini.

Sasa nimekwama kwenye transfoma. Niliyo nayo ina waya mbili mbili, na maiki ina tatu.

FundiMkunazini:
Hongera. Hiyo 4 ndiyo ilikuwa imegandana.

Nenda dukani ununue transfoma ndogo ya 6-0-6, ile ya chaja za zamani, uitumie kinyumenyume. Waya mbili za 6 ziende kwenye vikombe viwili, kila mmoja wake. Waya wa 0 uende kwenye betri, na upande wa pili wa betri uende kwenye skrubu ya kiwambo. Betri mbili za tochi, 3V, basi. Katikati ya njia tia poti ya omu 500, kile kidude cha kuzungushia sauti kwenye redio, na uanze nacho ukinzani wote umo ndani. Upande wa 240 sasa ndio unaotoa sauti, upeleke kwenye amplifaya, mahali pa gitaa. Ukutani usiuchomeke hata kwa mzaha! Na vidole viweke mbali na waya zake wakati wa kuwasha na kuzima, transfoma inarusha teke.

Pima umeme wa kila kikombe. Ukaribiane, si lazima ulingane. Kuzima: rudisha poti mpaka mwisho, hesabu mpaka tatu, ndipo utoe betri. Ukikata ghafla, lile teke linarudi kwenye chembe na kuzigandisha tena. Na maiki haihamishwi ikiwa na umeme, hata kwa shubiri moja.

BintiMalindi:
Haya, mmenishinda. Basi angalau mwambieni shangazi akae mbali kama mkono mmoja, asiimeze. Na mbele weka kitambaa chepesi, ncha ya mtandio inatosha, kwa ajili ya mate. Halafu msimpigie ud na kanuni mbele ya hiyo kitu. Sauti ya mtu inaivumilia, vyombo vyembamba itavikata juu na chini vibaki kama vya kopo.

MwanaWete (jana usiku):
Imekaa miliampea 12 mbele na 14 nyuma. Dagaa wamepungua, wamebaki wachache wanaochechemea chini chini, kama mvua juu ya makuti. Shangazi aliimba kakaa kwenye kiti cha babu, mtandio wake mwenyewe mbele ya maiki. Nikamsikilizisha.

Akasema, "Mbona naimba ndani ya kibuyu?" Akanyamaza kidogo. "Lakini ndivyo tulivyokuwa tukisikika."

FundiMkunazini:
Ishushe mpaka 8 kila upande, dagaa watapungua zaidi, sauti utaiongezea kwenye amplifaya.

BintiMalindi:
Tuwekee tusikie basi.

MwanaWete:
Ruhusa si yangu. Anasema kwanza arudie ubeti wa pili, ule uliokatika siku ile.