Katuni za propaganda za Vita Kuu ya Pili darasani

MwlKizota: Wakuu, nafundisha Historia hapa Dodoma. Nataka kuwaonyesha kidato cha nne Der Fuehrer's Face, katuni ya Disney ya 1943. Nifanyeje wasiishie kucheka tu?

Makole_77: Mwalimu, usikate kipande hata kimoja. Ni kama dakika 8, na yule bata, Donald, anafanya kazi kiwanda cha silaha cha Wanazi. Kwamba ni ndoto inajulikana mwishoni kabisa. Ukizima katikati, watoto wataondoka wakiamini bata ni Mnazi. Kabla ya kuwasha andika ubaoni: nani katengeneza, lini, kwa ajili ya nani. Marekani iliingia vitani Desemba 1941.

Nkuhungu: Mjapani wa kwenye bendi ya katuni hiyo kachorwa miwani na meno nje. Hapo simamisha, usiparuke. Huo ni ubaguzi, uite hivyo hivyo. Kisha waeleze kuwa kuanzia 1942 Marekani iliwafungia kambini watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani, wengi wao raia wake.

MwlKizota: Shukrani. Wakiuliza Tanganyika inahusikaje?

Makole_77: Askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika) kutoka Tanganyika walipigana na Wajapani Burma (Myanmar ya leo). Waulize wanafunzi: askari yule angeionaje ile sura ya Mjapani?