Re: Jigi za samaki aina ya besi mtoni Androscoggin, jimbo la Maine, Marekani: uzito gani, na plastiki inavishwaje?

Kutoka Lewiston:

Wakubwa zangu, shikamooni. Leseni nimeshakata, fimbo ninayo, lakini kila nikirusha jigi, ile ndoana yenye kichwa cha uzito, mtoni inanasa kwenye mawe. Jumamosi peke yake nimepoteza nane. Halafu chambo changu cha plastiki kinazunguka kama feni, mpaka mshipi unajisokota. Kwetu Uvira nilizoea wavu, na ndoana yenye ndagala. Haya ni mapya kwangu, nisaidieni.

Kutoka Auburn:

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa hizo nane.

Nakisia unatumia za robo aunsi, yaani gramu 7. Kwa maji ya futi nne mpaka nane yenye mawe, shuka hadi moja ya nane, gramu 3.5. Maji yakitulia kabisa mwezi wa nane, hata moja ya kumi na sita inatosha. Jigi nyepesi inazama polepole, na besi mara nyingi hukipokea chambo kikiwa bado kinashuka. Ndiyo maana baada ya kurusha usianze kuvuta, tazama mshipi. Ukilegea kabla ya wakati wake, au ukienda pembeni wenyewe, kaza mara moja, samaki ameshachukua. Nzito zihifadhi kwa siku ya upepo au mkondo wa baada ya mvua. Unataka jigi iguse chini na kuinuka, isilime mawe.

Kuzunguka kunatokana na uvishaji. Laza chambo ubavuni mwa ndoana, pua yake ikigusa kichwa cha jigi. Angalia mpindo wa ndoana unafika wapi, tia alama hapo kwa ukucha. Choma ncha katikati kabisa ya pua, kisha sogeza plastiki kidogo kidogo, kama unavyoingiza mpira kwenye kiuno cha sketi, hadi ncha itokeze mgongoni pale penye alama, kwenye mstari wa katikati. Sasa kining'inize mbele ya macho. Kikiwa na kibiongo, au kimejikunja upande, chomoa urudie. Mimi nilimaliza majira ya joto mazima nikilaumu rili, kile kigurudumu cha mshipi, kumbe ni kibiongo kidogo tu.

Chambo cha inchi 3 kinataka ndoana ya saizi 1/0. Ndefu mno inaukakamaza mkia, na mkia usipocheza besi hageuki. Kikiwa kinateleza kutoka kichwani, tone moja la gundi ya supaglu shingoni linakishika.

Jambo jingine, nakuomba ulichukulie kwa uzito: usinunue jigi za madini ya risasi. Hapa Maine ndogo zisizo na rangi, za inchi 2.5 au chini, zilipigwa marufuku kutumiwa mwaka 2017. Zilizopakwa rangi zilikatazwa kuuzwa Septemba 2024, na kuzitumia ni marufuku kuanzia Septemba 2026. Sababu ni luni, yule ndege mweusi mwenye madoa meupe anayelia usiku ziwani. Humeza changarawe ili zimsagie chakula tumboni, na jigi moja ya risasi akiimeza pamoja nazo inatosha kumuua. Zile zako nane ziko chini ya maji sasa hivi. Tafuta za tangsteni au za bati. Tangsteni ni nzito kuliko risasi, kwa hiyo kichwa chake ni kidogo na kinapita vizuri kati ya mawe, ila bei inauma. Za bati ni rahisi, kichwa kinakuwa kikubwa kidogo. Mimi natumia bati penye mawe mengi.

Kutoka Portland:

Habari zenu kaka zangu. Naongeza la jikoni. Idara ya afya ya jimbo wanashauri wajawazito, wanaonyonyesha na watoto walio chini ya miaka 8 wasile besi wa mito na maziwa ya humu, kwa sababu ya zebaki. Watu wengine, milo miwili kwa mwezi, ila kwa mto Androscoggin wenyewe kikomo ni kikali zaidi. Kuoka au kukaanga hakuiondoi. Mwambie na mkeo, maana huku kliniki nakutana na akina mama ambao hawajawahi kusikia.

Kutoka Lewiston:

Asanteni sana. Mke wangu ana mimba ya miezi mitano, sikulijua hilo kabisa. Besi wote narudisha majini. Jana jioni nimevisha upya, gramu 3.5 ya bati. Mara ya nne kurusha mshipi ukalegea, nikakaza. Kama inchi 14 hivi, ndoana juu ya mdomo katikati. Kwa saa mbili nzima nimepoteza jigi moja tu.