Korasi yangu haishiki, naomba ushauri

Wadau, niko Kisumu, upande wa Dunga. Nimetunga wimbo wa kumshukuru baba, mvuvi wa omena. Huingia ziwani usiku wa giza, maana omena hufuata mwanga wa taa. Tukiwa wadogo tulikuwa tunasimama ufuoni tukibishana ni taa ipi yake. Beti ziko sawa, shida ni korasi. Jumapili niliwaimbia vijana wenzangu, wakanyamaza wakisikiliza, hakuna aliyeitikia. Ina mistari minane, inaanza hivi:

"Ewe baba mpendwa uliyeteseka ziwani,
Ulitulea kwa jasho na mapenzi ya thamani…"

Rekodi nimeiweka hapa. Nakosea wapi?

Mpigaji wa Kakamega: Dada, mistari minane hiyo ni beti nyingine. Kiitikio ni cha kuitikia. Huku kwetu kwenye ngoma ya isukuti mmoja anaanzisha, kundi linarudisha maneno mawili matatu, na hakuna anayefundishwa. Halafu "mpendwa" na "thamani" tumezisikia kila mahali. Kubishana juu ya taa ndiko kwako peke yako, na umekuacha nje ya wimbo!

Mwalimu wa kwaya, Nakuru: Nimesikiliza rekodi mara tatu. Unakaza "ziwaNI", na Kiswahili kwa kawaida hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Ukikaza vibaya sikio linakwama, na hata maana huweza kugeuka: baraBAra ni njia, baRAbara ni sawasawa. Tena hiyo "ni" unaivuta kwa sauti ya juu, irabu "i" inakubana koo. Noti ndefu ipe "o" au "a". Na beti zishushe kidogo, zimefika juu kabla ya korasi, kwa hiyo korasi haina pa kupanda.

Msikilizaji tu: Kurudia ni sawa, lakini mstari wa mwisho ugeuke. Ukirudia hivyo hivyo mara nne mimi nachoka.

Mwenye uzi: Asanteni sana, mwalimu na wote. Nimefuta yote nikaanza upya:

"Taa ya baba ni ipi? (Ni ile!)
Taa ya baba ni ipi? (Ni ile!)
Inayocheza majini? (Ni ile!)
Baba, taa naiona."

Jana nilimwimbia mpwa wangu wa miaka sita tukianika omena. Leo asubuhi namsikia jikoni peke yake: "Ni ile!" Nimelia kidogo. Sasa, nifungue na korasi au na beti?

Mwalimu wa kwaya, Nakuru: Fungua na korasi, bila ala. Hiyo "naiona" ivute kwenye "o".