Kontrola ya difu ya kati kwa Impreza ya rali: ya mkono, DCCDPro, au ya kuchora ramani?

VumbiLaMeru (Arusha)
Wakuu, habari za jioni. Nina Subaru Impreza naiandaa kwa rali, gia boksi ya spidi 6 yenye DCCD (difu ya kati inayogawa nguvu mbele na nyuma, inabanwa kwa umeme) imeshafungwa. Ilikuja bila kompyuta yake, kwa hiyo difu ya kati haina wa kuiamrisha. Nimebakiwa na njia tatu: kitufe cha kuzungusha kwa mkono basi, DCCDPro (kontrola ya otomatiki), au ile aina unayochora kwa laptopu ramani yako mwenyewe ya kubana difu. Anayeniletea mzigo anasafiri wiki ijayo, nataka kulipa kabla ya Ijumaa. Ipi inafaa kwa barabara zetu za vumbi?

FundiNakuru
Karibu, lakini hujatupa cha kukushauri nacho. Gari ni la mwaka gani? Gia boksi imetoka kwenye Impreza ipi? Soma namba kwenye kibandiko chake, itaanza na TY856, utupe zote mpaka mwisho. Za mwanzo zinagawa nguvu 35 mbele na 65 nyuma, za baadaye 41 kwa 59, na hayo ni magari mawili tofauti ukifika kwenye kona. Difu ya mbele ni ya kawaida au ina LSD, ya kuzuia gurudumu moja lisizunguke bure? Nyuma una nini? Handibreki ni ya kebo au ya mafuta? ABS umeitoa? Na unashindana daraja gani? Kuna madaraja ambayo wakaguzi watakukatalia hicho kisanduku kabla hujawasha gari.

KiboKokoto (Moshi)
Mimi nasema kitufe cha mkono na usitafute makuu. Koili ya DCCD ni sumaku tu. Ukiipa umeme mwingi inabana difu, ukiipunguzia inaachia. Misimu minne nimeendesha kwa kitufe. Kwenye steji ya kokoto kavu naweka karibu robo tatu, barabara ikilowa naongeza kidogo, tukiingia lami kuelekea sehemu ya huduma nafungua yote. Hakuna sensa ya kufa na hakuna programu ya kugoma porini. Kikiharibika nakiona kwa macho.

MamaSteji (Nairobi)
KiboKokoto, nakuheshimu, ila mimi nakaa kiti cha kushoto na kitabu cha noti za njia mapajani. Dereva wangu alikuwa na kitufe. Unajua nani alikuwa anakizungusha? Mimi! Katikati ya kusoma "kulia tano mpaka kushoto mbili usikate" ninyooshe mkono kwenye dashibodi. Tukaishia kukiacha namba ileile steji nzima, na namba moja haiwezi kufaa kwenye kufunga breki, kuingia kona na kutoka kona. Hayo ni mahitaji matatu tofauti ndani ya sekunde nne.

DCCDPro inasoma akseleta, breki na namna mwili wa gari unavyosukumwa, inabana na kuachia yenyewe. Kwa mtu anayeanza ningechukua hiyo. Ya kuchora ramani ni nzuri kama una siku za majaribio na mtu wa kukaa na laptopu. Unazo?

VumbiLaMeru
Asanteni sana. Gari ni Impreza WRX ya 2002, zamani ilikuwa na spidi 5. Gia boksi nilinunua Dar kwenye nusu gari iliyotoka Japani, namba nitasoma Jumamosi gari likipanda kwenye stendi. Difu ya mbele sijui. Ya nyuma ni ileile ya WRX, iko sawa, haina kelele. Handibreki nimeweka ya mafuta.

FundiNakuru
Simama hapo. Usiliendeshe hilo gari hata kwenda kununua mafuta.

Gia boksi za spidi 6 ziko zinazotaka difu ya nyuma ya uwiano wa 3.9 na ziko zinazotaka 3.54, inategemea transfa (gia za kupeleka nguvu nyuma) iliyomo. Ya kwako ya nyuma ni ya gari jingine kabisa. Uwiano usipolingana, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanataka kwenda mwendo tofauti muda wote, hata kwenye barabara iliyonyooka, na difu ya kati ndiyo inayomeza tofauti hiyo. Ukiibana kwa kontrola yoyote, ya bei yoyote, utaiunguza.

Kupima ni kazi ya dakika kumi. Inua nyuma, weka fri, zungusha magurudumu yote mawili ya nyuma kwa pamoja mzunguko mmoja kamili, mtu mwingine ahesabu propela shafti imezunguka mara ngapi. Karibu nne au tatu na nusu, utajua. Kontrola isubiri.

MzeeWaMabira (Kampala)
Fundi kasema kweli. Na kwa kuwa umetaja handibreki ya mafuta, naomba nikusimulie yaliyonipata, kwa sababu hakuna aliyenionya.

Nilifungiwa kontrola ya otomatiki na karakana moja hapa mjini. Ukivuta handibreki, difu ya kati lazima ifunguke, la sivyo unapofunga magurudumu ya nyuma unayafunga na ya mbele, na injini inazima. Kwenye handibreki ya kebo kuna swichi ya kiwandani. Kwenye ya mafuta swichi hiyo huna, unafunga swichi ya presha kwenye bomba lake. Wakafunga. Kwenye uwanja tukajaribu, gari likageuka vizuri, nikalipa.

Rali ya kwanza, steji ya pili, gari likaanza kukosa nguvu ya kutoka kwenye kona. Magurudumu ya nyuma yanazunguka bure, vumbi jingi, mwendo hakuna. Nikasema tairi. Tukabadilisha tairi. Steji ya nne vilevile. Nikasema springi za nyuma ni ngumu, tukalainisha. Likawa baya zaidi, sasa linayumba na kwenye breki. Tulimaliza nyuma sana. Miezi miwili nikahangaika na shokamzoba, nikanunua springi nyingine, nikagombana na mwanangu anayenisaidia kwa kuwa nilidhani amekosea kupima urefu wa gari kutoka chini. Rali ya pili, hadithi ileile.

Aliyeona ni kijana wa umeme, na hakuja kwa habari ya difu, alikuja kurekebisha taa. Akaweka taa ya kupimia kwenye waya wa handibreki, ikawaka. Handibreki imelala chini, waya unasema imevutwa. Ile swichi ya presha ilikuwa inanasa. Ukishavuta mara moja kwenye kona ya kwanza, kontrola inaamini umeshika handibreki mpaka uzime gari. Rali mbili nzima niliendesha difu ikiwa wazi.

Swichi mpya ilikuwa bei ya chakula cha mchana. Mwanangu nilimwomba radhi. Kontrola yoyote utakayochagua, weka taa ndogo kwenye dashibodi inayoonyesha difu imebana kiasi gani. Bila hiyo taa usianze.

NdotoYaEvo
Ndiyo maana nasema Evo, Mitsubishi Lancer Evolution. Tangu Evo VII ya 2001 kuna ACD, difu ya kati ya kwao, pampu ya mafuta inabana klachi, unachagua lami, changarawe au theluji, safari imeanza.

KiboKokoto
Na pampu ikifa? Ya Evo X imekaa chini kule nyuma inapigwa matope na maji, inaoza. Koili yangu iko ndani ya gia boksi.

NdotoYaEvo
Pampu unaihamishia kwenye buti. Watu wanafanya.

KiboKokoto
Umeshaongeza kazi, na mwenzetu ana Subaru.

Loldia88 (Naivasha)
Nyote mnahangaika na kitu ambacho wakubwa wamekiacha. Magari ya Rally2, daraja la pili la rali za dunia, hayana difu ya kati kabisa. Safari Rally ya 2021 waliokuja kushindania ushindi walikuwa na difu ya kati ya kielektroniki, 2022 wakaja na magari ya daraja la juu, Rally1, bila hiyo, na Toyota wakachukua nafasi nne za kwanza. Kwenye fesh-fesh (vumbi laini lenye kina) ya Kedong mbele na nyuma zinafungwa pamoja, gari linavuta. Funga yote, uendeshe.

MamaSteji
Hawakuiacha kwa kuwa haifai, kanuni ziliiondoa ili gharama zishuke. Kati ya 2017 na 2021 walipoiruhusu, kila timu iliitumia. Na Rally2 imeundwa tangu mwanzo kuishi bila hiyo, nyuma inakatwa ukivuta handibreki. Impreza ukiifunga moja kwa moja, kwenye kona ya pini, ile ya kugeuka kabisa, pua inakwenda moja kwa moja porini. Nimekaa ndani yake, nazijua.

Loldia88
Kona za pini ni ngapi kwenye steji zetu? Fesh-fesh ni kilomita.

MzeeWaMabira
Kwenu. Kwetu ndani ya miwa ni kona juu ya kona, na matope.

FundiNakuru
Loldia ana haki kwenye fesh-fesh, ila ukifika lami na difu imefungwa, gari linaruka-ruka ukilipindisha, hiyo ni mitambo inajikaza. Fungua. Na tairi zote nne ziwe na mzingo mmoja, usichanganye zilizoisha na mpya mbele na nyuma.

VumbiLaMeru
Nimerudi. Sikungoja Jumamosi, tumeinua gari usiku huu na jirani yangu na tochi. Propela shafti imezunguka mara nne na kama nusu hivi. Tumerudia mara tatu.

FundiNakuru
Basi umeokoka. Hailingani na gia boksi yoyote ya spidi 6 ninayoijua. Tafuta difu ya nyuma aina ya R180, lakini soma namba ya TY kwanza ndipo ujue ni ya 3.9 au 3.54. Usinunue kwa kukisia.

VumbiLaMeru
Pesa ya kontrola ndiyo itakayonunua difu ya nyuma, sina nyingine. Kwa sasa labda kitufe cha mkono, na taa ya Mzee. Msafiri nimemwambia asubiri. Kuna mtu anajua wauzaji wa R180 Tanga au Dar, ikiwa na ekseli zake?

KiboKokoto
Nilikwambia kitufe. Njoo inboksi, kuna mtu Moshi alikuwa nayo mwezi jana.

MamaSteji
Ukishapata difu rudi hapa tuzungumzie DCCDPro, sijakubali.

NdotoYaEvo
Ile gia boksi ya spidi 5 bado unayo? Shemeji yangu anaitafuta.